Sura Ina Mwenyewe

Mtu huyu alipiga picha kila kilichotembea Buyenzi. Alipiga wauza samaki wa ndagala, mafundi wa magari wakiwa wamelala chini ya magari yao, mbuzi wa jirani, hata imamu wetu akiruka dimbwi na kanzu ameikunja mpaka magotini. Katika mtaa mzima alimwacha mtu mmoja tu, na huyo mmoja ni mama yangu. Ndiyo maana nilimnunia miaka, na huwezi kumnunia mtu miaka usimjue vizuri.

Jina lake silitaji. Tulimwita Mpiga Picha, naye aliitika. Kwao wapi, baba yake nani, hayo sikuwahi kumuuliza na wala yeye hakuniuliza. Bujumbura ya vita, mtu akikuuliza kwenu ni wapi hakusalimii, anakupima. Mtu mzima anajua maswali ya kuyaacha.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na koti la kaki ambalo mifuko yake yote ilikuwa imechanika isipokuwa ule wa filamu. Mfuko huo niliushona mimi, kwa maana mimi ni fundi wa kike, kazi yangu ni cherehani, na kibanda changu kilikuwa mlangoni pa nyumba yetu, pembeni ya meza ya mama. Kamera aliining'iniza tumboni kwa mkanda wa mpira wa baiskeli. Kandambili hakuvaa hata siku moja. Alisema zinapiga kelele, watu wanageuka, na mtu akishageuka amekwisha kuharibika.

Hapo ndipo alipotofautiana na wenzake wa mjini. Wao walikuwa na studio, na ukutani wamechora ndege inaruka au maporomoko ya maji. Unaingia, unapewa redio uishike mkononi, unasimama wima kama unasubiri hukumu. Yeye studio alizicheka.

"Mi sipigi mutu mwenye amejipanga kama sahani za kabatini," alisema. "Mutu wa studio ni mutu wa kuazima. Kesho anarudisha redio, anarudisha sura."

Kazi yake ilikuwa ya njiani. Asubuhi amri ya kutotembea usiku ikishaisha, alitoka na kunywa chai kwa mama, kisha akaenda kusimama kwenye ukuta wa gereji ng'ambo ya barabara, mahali ambapo jua la asubuhi linapita katikati ya nyumba mbili na kuangusha kipande cha mwanga barabarani. Alisimama hapo kama mtu aliyesahau anakokwenda. Watu wanapita, mikokoteni inapita, yeye anaangalia juu, anakuna ndevu. Halafu mtu anaingia kwenye kile kipande cha mwanga, na unasikia kamera imekwisha kulia. Saa sita hapigi. Jua la saa sita, alisema, linaziba watu macho. Alirudi tena baada ya alasiri.

Nilimuuliza kwa nini hawafuati watu, wakati mji mzima unatembea.

"Mi nachagua mahali, Fundi. Mutu, Mungu ndiye anamuleta."

Ijumaa baada ya sala alifunga kamba mbele ya mlango wake na kuzibana picha kwa vibanio vya nguo. Weee, hapo ndipo ungeona vurugu! Buyenzi nzima inakuja kujitafuta. Mtu hakujua amepigwa, sasa anajikuta ananing'inia pale, amebeba godoro, anapiga miayo, anamkemea mwanawe. Wengine walicheka mpaka wakakaa chini. Wengine walikasirika, hasa kwa sababu ya miguu. Kwetu picha bila viatu si picha. Ndugu watajuaje kama unavaa vizuri? Na Mpiga Picha aliwakata watu miguu bila huruma.

Mama yangu alimwambia mbele za watu, "We bana, kwa vita hii watu wanakatwa ya kutosha, na we unaongeza?"

Mpiga Picha alicheka mpaka chai ikampalia. Hakubadilika, lakini.

Sheria ya ile kamba ilikuwa moja: sura ina mwenyewe. Picha yako unaichukua wewe, kwa mkono wako. Mume akija kuchukua ya mke wake anarudishwa. "Yeye alete sura yake, nitamupa." Na kama hukuipenda, hakubishana nawe. Aliingia ndani, akatoka na filamu, akakata kile kipande kwa mkasi mbele ya macho yako. Kuna mwenye duka mmoja wa Kiarabu, mtu mzito, mtu wa heshima, alijikuta kwenye kamba kidole kiko puani. Alikuja anatetemeka kwa hasira. Mpiga Picha akakata filamu, akararua picha, akamwambia kwa upole kabisa, "Haya, Hadji, kidole nimeshakitoa." Hadji alianza kucheka akiwa bado amekasirika, na tangu siku hiyo wakawa marafiki.

Ilipokuja ambargo, vile vikwazo vya biashara, na mipaka ikafungwa, dawa za picha za rangi ziliadimika. Akarudi kwenye nyeusi na nyeupe, akisafisha mwenyewe chumbani kwake, taa imefungwa karatasi nyekundu ya peremende. Filamu zilipita Gatumba kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, zimefukiwa ndani ya unga wa muhogo wa akina mama wa magendo. Watu walimlalamikia kama vile ambargo kaiweka yeye. Jirani yetu alisimama mbele ya kamba, mikono kiunoni: "Kitenge yangu ilikuwa ya kijani! Kijani yangu iko wapi?"

"Iko mupakani," alimjibu. "Ikipita, nitakuletea."

Msidhani alikuwa mtakatifu. Ndevu alizipaka hina na kuapa kwamba ni rangi yake ya kuzaliwa. Aliogopa mbwa kuliko alivyoogopa bunduki. Na yeye mwenyewe kupigwa picha, thubutu! Siku moja Hadji alimwomba kamera kwa utani, akamwelekezea, jamaa akajificha nyuma ya kibanda changu kama kuku. Tena yeye aliyekataza watu wasijipange, aliyehubiri kwamba njia haidanganyi, usiku wa Alhamisi alikaa na kalamu ya risasi iliyochongwa kama sindano, akiziba, juu ya picha zenyewe, viwiko vilivyochanika kwenye mashati ya maskini kabla ya kuwatundika. Nilimkamata kwa sababu mimi najua kiraka. Shati lile nililijua, kiwiko chake kilikuwa wazi tangu Ramadhani. Nikamwambia, "Mzee, huo nao si uongo?"

"Ukweli ni ya njia," alisema. "Kiwiko ni ya mutu."

Alitupa nini, nimejiuliza mara nyingi. Zile zilikuwa siku ambazo hatukutazamana. Ukipita mtaa wa kabila lingine unaangalia chini. Mtu akikukazia macho, moyo unakuruka. Na katikati ya hofu hiyo alikuwapo mtu mmoja aliyemtazama kila mtu, wa huku na wa kule, bila kutaka kujua pua yako ni ya upande gani. Kwenye kamba yake vita ilionekana kidogo sana. Nakumbuka picha ya safu ya viatu nje ya msikiti, na katikati ya makubadhi, jozi moja ya buti za askari zimepangwa vizuri kama viatu vingine. Hiyo tu. Nayo ilisema mengi kuliko redio.

Wazungu wa magazeti waliwahi kumtafuta. Walitaka nyumba zilizoungua, walitaka waliolala kando ya barabara. Alikataa, nami nikamwona mjinga, maana hali yake ilikuwa mbaya na koti lile lilikuwa linaniaibisha hata mimi niliyelishona. Akanijibu polepole.

"Maiti hawezi kuniambia apana."

Apana. Neno hilo ndilo lililomwondoa mama yangu kwenye kamba yake.

Mama aliuza sambusa na chai ya tangawizi, amekaa kwenye kibao kifupi nyuma ya mbabula, jiko lake la makaa. Watu walifuata sambusa, lakini wengi walifuata mdomo. Mama alikuwa na ulimi! Alimtania mkubwa na mdogo, na kila asubuhi pale mbele yetu palikuwa na duara la watu wanaocheka, hata siku ambazo hapakuwa na cha kuchekea. Mpiga Picha alipofika mara ya kwanza na kamera yake, akaiinua, na mama akainua kijiko kinachochuruzika mafuta ya moto.

"We! Apana!"

"Mama, moja tu."

"Siku ya Kiama utaambiwa hiyo picha yako uitie roho. Utaweza?"

"Siwezi, mama."

"Basi apana. Mi roho yangu hii moja tu inanishinda kuichunga."

Watu wakacheka. Yeye akaishusha kamera. "Umesema apana, ni apana. Wallahi, sitakupiga." Akakaa, akaagiza chai, na tangu siku hiyo asubuhi yake ilianzia kwetu.

Mimi yangu aliwahi kuipiga. Niliiona Ijumaa moja kwenye kamba, kwa mbali, nimesimama na birika mkononi. Sipendi sura yangu, na siku ile nilikuwa nimegombana na mama tangu alfajiri juu ya makaa mabichi. Nikapita zangu bila hata kuisogelea.

Sheria yake ilikuja kupimwa asubuhi moja, watu wamekaa wanakunywa chai. Alikuja bwana aliyevaa kiraia, nyuma yake askari wawili. Alikuwa amesikia habari za kamba. Alimtaka kijana mmoja ambaye kila siku alikunywa chai kwa mama, na alitaka sura yake, ili vijana wake wamjue wakikutana naye. Kijana mwenyewe siku hiyo hakuwapo. Mpiga Picha alikuwa amempiga juzi yake tu. Wote tulijua, kwa sababu tulimtania.

"Leta hiyo filamu," akasema yule bwana.

Mpiga Picha akasema, sauti haikupanda, "Sura ina mwenyewe, mukubwa. Yeye aje, nitamupa yeye."

Mama ambaye hakukosa neno hata siku moja, siku hiyo kijiko kilimgandia mkononi. Bwana yule akanyoosha mkono kuchukua kamera, na Mpiga Picha akaifungua mgongo palepale, juani, akaivuta filamu yote nje. Ikamwagika chini mavumbini, imekwisha kuwa takataka.

Walimchukua. Siku kadhaa hatukujua kama yuko hai. Aliporudi, mkono wa kushoto ulikuwa umefungwa kitambaa, na vidole viwili vya mkono huo havikukunjika tena. Yule kijana alikuwa ameshavuka kwenda Uvira. Mama alimpelekea Mpiga Picha chai na sambusa yeye mwenyewe kwa miguu yake, mama ambaye hakupeleka chai kwa mtu. Watu ndio waliomfuata.

"Vidole inauma?" akamuuliza.

"Kidogo."

"Umefanya vizuri. Ila kamera usiniletee, bado ni apana."

Mama alifariki vita haijaisha. Ilikuwa siku ya mji kufungwa, barabara hazina gari hata moja. Alianguka mchana, ameshika kifua. Tulimbeba kwenye mkokoteni wa maji kuelekea hospitali, na hatukufika. Tukamzika siku hiyohiyo, kama dini inavyotaka, haraka haraka kabla ya saa ya kufungiwa ndani.

Picha yake haikuwapo duniani. Ile ya karangamuntu, kitambulisho chetu, aliipiga kwa kulazimishwa, akisema dhambi hiyo ni ya serikali, lakini kadi yenyewe ilichukuliwa kwenye bariyeri ya askari barabarani siku anatoka Kajaga kununua samaki, na haikurudi. Baada ya matanga nikaenda kwa Mpiga Picha. Nilijua, nilikuwa na hakika kabisa, kwamba mtu aliyesimama mbele ya mama yangu kila asubuhi na kamera tumboni, mara moja tu kidole kitakuwa kimemponyoka.

"Hata ya mbali, Mzee. Hata ya mgongo."

"Apana, Fundi. Niliapa."

"Hakuna mtu angejua!"

"Mi ningejua."

Nilimtukana barabarani. Nilimwambia kwamba amewapa sura watu wote wa Buyenzi, mpaka mbuzi, na mimi ameninyima. Nikamkatia salamu. Akipita, mimi nakanyaga cherehani kwa nguvu zaidi. Baadaye macho yalianza kumsumbua, akahamia Kanyosha kwa dada yake, na kipande cha mwanga pale gereji kikabaki hakina mtu.

Halafu likaanza jambo ambalo sikumwambia mtu. Mama alianza kunitoroka. Sauti ninayo, hata leo naweza kuiigiza. Mikono ninayo. Lakini sura ikawa inapungua. Nilifumba macho nikaipata pua, nikiitafuta midomo, pua imekwenda. Binti yangu, aliyezaliwa bibi yake amekwisha kuzikwa, akawa ananiuliza, "Mama, bibi alifananaje?" Namjibu alikuwa mrefu kidogo, mweusi kidogo. Maneno ya polisi! Mtoto ananiangalia, anaona kabisa kwamba sijui. Nililia jikoni, nakisingizia kitunguu.

Watu walipoanza kusema kwamba sasa bunduki zinanyamaza, nilikaanga sambusa, nikapanda basi kwenda Kanyosha. Sikwenda kumsamehe. Nilikwenda kumuuliza mara ya mwisho, labda uzee umelegeza kiapo.

Nilimkuta amekaa uani, ndevu zimekuwa nyeupe, hina ameiacha. Macho yalikuwa na utando. Aliinusa sambusa kabla sijasalimu.

"Fundi," akasema. "Hii ni mukono ya mama yako."

"Mzee, sura yake imenitoroka," nikamwambia. Yalinitoka hivyohivyo, bila salamu, bila chochote. "Kama unayo, nipe. Naomba."

Akatafuna kwanza, akameza. "Sina. Sikumupiga hata siku moja." Kisha akamwita dada yake, akaletewa mfuko wa unga umejaa picha: za wale waliokimbia, waliokufa, wasiokuja kujichukua. "Mi sioni tena. Nisomee."

"Nisome nini?"

"Watu. Chukua zile za juu. Niambie unaona nani."

Nikachukua. Nikamwambia: huyu ni mtu wa baiskeli, ameegemea usukani, anacheka meno yote nje. Huyu ni Hadji, anajifuta machozi kwa pembe ya kilemba. Hawa ni mafundi wa gereji, mmoja amemshika mwenzake bega asianguke. Huyu ni askari, bunduki iko mgongoni, kikombe mkononi, mdomo wazi kama mtoto.

"Wanaangalia wapi?"

Nikarudi kwenye picha ya kwanza. Nikaziweka zote chini, kwenye mkeka. "Kushoto," nikasema. "Wote wanaangalia kushoto."

"Na kushoto kulikuwa na nini?"

Mpiga Picha akisimama mahali pake, ukuta wa gereji uko nyuma yake, barabara iko mbele, na ng'ambo, upande wa kushoto, nje kidogo tu ya ukingo wa picha, palikuwa na mbabula. Miaka yote zilining'inia kwenye kamba, Buyenzi nzima ikazipitia, na hakuna aliyeona, kwa sababu kila mtu alikuwa anatafuta sura yake.

"Alisema nisimupige," akasema Mpiga Picha. "Mi nikapiga wenye kumuangalia. Nilimuambia. Akasema hao si wake, niwaulize wenyewe."

Nikaitazama ile ya askari, na siku ile ikanirudia yote. Askari alikuwa ameuliza, "Mama, ndani ya hii sambusa iko nyama kweli?" Na mama akamwambia, "Iko. Ila usiitafute na bunduki, itatoroka. Itafute na ulimi, polepole." Na kabla hajasema, mdomo wake ulivutika upande mmoja, kidogo tu, kama anajizuia, jicho la kulia likawa dogo. Nilikuwa nimelisahau jicho lile! Nikamwona. Nililia pale uani bila kitunguu chochote, na mzee akaendelea kula, akinipa nafasi.

Nilipotulia nikazikusanya zote kifuani. Akasikia karatasi.

"Apana, Fundi. Angalia, kula na macho mpaka ushibe. Lakini kuchukua, hizo zina wenyewe."

"Wamekufa, Mzee! Wengine hawatarudi!"

"Basi na watoto wao? Rudisha."

Ala! Nilikuwa karibu kumtukana upya. Lakini nikazirudisha moja moja, na nilipoufunua mfuko, chini kabisa nikaona iliyobaki, ya msichana ameshika birika.

"Hiyo ya birika imebaki?" akauliza, kama anayeiona. "Hiyo ni yako. Ijumaa zote hizo, hukuja."

Miaka yote nilikumbuka kwamba asubuhi ile tuligombana juu ya makaa, kwamba nilikuwa nimevimba kwa hasira. Haikuwa hivyo. Msichana yule ameinamisha birika, chai inataka kumwagika, naye hana habari nayo. Amegeuza kichwa kushoto. Sikuwahi kujua kwamba nilimtazama mama yangu namna ile. Kama kuna mtu angeniambia, ningekataa.

Mpiga Picha hakupiga picha tena, na sambusa zangu alizila mara nyingi baada ya siku ile. Picha yangu nimeitundika ukutani kwetu, na kushoto kwake nimeacha ukuta mtupu. Hakuna saa, hakuna kalenda. Wageni wanauliza kwa nini sikuiweka katikati.

Binti yangu akiniuliza tena bibi alifananaje, namsimamisha mbele yake.

"Lakini huyu si ni wewe, mama?"

"Ni mimi. Sasa angalia ninapoangalia."